Mi ni form fo hapa Kigoma: mashairi tunayapasua kabla hatujayasikia (uzi mrefu kidogo)

Kauntabuku:

Habari za jioni wakuu, wakubwa wote shikamooni. Naingia moja kwa moja. Shuleni kwetu shairi tunafundishwa kama panzi wa baiolojia, analetwa kashakufa, unaambiwa hiki kichwa hiki kifua hili tumbo, chora, andika majina, mwalimu apige tiki twende kipindi kingine. Panzi mwenyewe hakuna aliyemwona akiruka.

Nipo shule ya kata hapahapa mjini, ya kutwa, naenda kwa mguu kutoka Mwanga. Simu ya dada na bando la dada, kwahiyo nikikatika ghafla msidhani nimekimbia hoja. Sasa ngoja niwaelezee pindi la ushairi linavyokwenda, maana wengine mlimaliza zamani labda kwenu ilikuwa tofauti. Kitabu ni kimoja, anacho mwalimu. Anaandika shairi zima ubaoni, sisi tunakopi, akimaliza anasema haya hesabuni mizani. Basi utasikia vidole vinagonga madawati darasa zima ko ko ko ko, kumi na sita, nane ukwapi (kipande cha kwanza cha mstari) nane utao (cha pili), mishororo minne kwahiyo tarbia, kina cha kati hiki, cha mwisho hiki. Alafu dhamira. Alafu ujumbe, na ujumbe siku zote ni jamii iwe na umoja na iache rushwa, hata kama shairi linaongelea mwezi. Kengele inagonga, shairi lipo ubaoni limejaa mishale na duara za chaki nyekundu na hakuna hata mtu mmoja aliyelitoa mdomoni toka mwanzo mpaka mwisho.

Walimu siwalaumu sana kwa hilo, mtihani wenyewe ndo unavyotaka, "kwa kutumia diwani mbili ulizosoma jadili", hoja tatu huku hoja tatu huku. Kuna mshkaji wangu anapiga A za Kiswahili na diwani ya Wasakatonge hajawahi kuishika mkononi, ana desa tu limetolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimekuwa madoa. Na ile diwani ni tamu asee. Lile shairi lililobeba jina la kitabu linaongelea watu wa jasho, wale wanaofanya kazi nzito zote na bado wanabaki chini, mi nililisoma kwa sauti nimekaa upande wa bandarini makuli wanashusha mizigo, mmoja kabeba gunia kaweka na kitambaa kichwani kinachuruzika, nikaona hapa dhamira sijui nini nini kazi yake nini, dhamira si hiyo inapita mbele yangu na gunia.

Kilichonifungua masikio ni bibi yangu, yupo Ujiji. Herufi hizi zetu anazisoma kwa kubabaisha, alizosomea ye ni za Kiarabu, chuoni, utotoni. Ila ana tenzi kichwani. Anafumba macho anaanza, vile vipande vitatu vya kwanza anavipandisha kidogokidogo, kile cha nne ambacho kina chake hakibadiliki utenzi mzima anakikokota kinashuka, na hapo ndo anavuta pumzi. Sikuwahi kuambiwa shuleni kwamba mizani nane ni pumzi. Tunaambiwa ni "hesabu ya silabi". Bibi hilo neno mizani halitumii kabisa, ukimghania (ukimsomea kwa sauti ya kuimba) ukakosea anasema tu "hapo umechechemea", unarudi unahesabu kweli unakuta silabi saba.

Basi toka hapo naandika. Kaunta buku langu mbele fizikia, nyuma mashairi, natokea kurasa za mwisho narudi katikati na sasa hivi zimebaki karatasi chache zikutane, sijui nani atamla mwenzie. Nawawekea beti moja mnipige nondo, ila tafadhali lisome kwa sauti kwanza ndo uje na mishale yako:

*Dagaa wapo juani, mchangani waanikwa,*
*Nami nipo darasani, vitabu vinafunikwa,*
*Shairi li ubaoni, mizani inaandikwa,*
*Nani kalighani lini, au laenda kuzikwa?*

reli_ya_kati:

Dogo beti limekaa ila mstari wa pili umelazimisha kina. "Vinafunikwa" imeingia pale kwa sababu ulikosa neno la kwa. Alafu ushauri wa bure soma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), mi nilikuwa malenga wa shule nzima, mahafali nilikuwa naitwa mimi, saivi nauza spea za pikipiki Kasulu. Hakuna mteja kaniuliza vina.

Kauntabuku:

Hahaha kaka spea zinalipa kuliko malenga hilo sibishi. Ila vinafunikwa ipo pale kwa makusudi. Si nimesema kitabu anacho mwalimu, sisi kwenye ushairi tunafunika vyote tunakodolea ubao. Kina kimenikuta na maana yangu mkononi.

Fundi simu Gungu:

PCB kwa shule ipi kaka, shule nyingi huku kupata mwalimu wa fizikia bahati. Dogo endelea. Swali, nje ya mashairi unasoma nini? Maana kizazi chenu naona kinasoma kapsheni.

Mzee wa Gongoni:

Mjukuu wangu, nimestaafu ualimu, nilifundisha Kiswahili, nipo Tabora. Nimelisoma beti lako kwa sauti kama ulivyoagiza, mke wangu akatoka jikoni kuuliza naongea na nani. Ushairi haujibiwi kwa maelezo, unajibiwa kwa ushairi, tena kwa vina vilevile, ndivyo tulivyolelewa. Pokea:

*Najibu toka Gongoni, kivulini nimewekwa,*
*Tulighani harusini, mapilau yakipikwa,*
*Kosa haliko mizani, wala vina kuandikwa,*
*Anza nalo paredini, uone kama wachekwa.*

Sasa neno moja. Umeandika mistari yote hiyo ukitaja Ujiji na hukumtaja Saadani Abdu Kandoro? Huyo kazaliwa hapohapo Ujiji. Alikuwamo kwenye mkutano ulioanzisha TANU Dar es Salaam mwaka 1954, na mashairi yake yalifanya kazi ya siasa kipindi ambacho kusema wazi kulikuwa na gharama. Kuna lile la siafu na nyoka, siafu wanamkazania nyoka mpaka atoke pangoni. Nyoka ni serikali ya mkoloni, siafu ni wananchi, kila aliyesikia alielewa na hakuna jina lililotajwa. Hilo halikuandikwa ili mtu ahesabu silabi. Liliandikwa lishikike kichwani mtu aondoke nalo mkutanoni hadi kijijini, na vina na mizani ndivyo vilivyolibeba, kwa sababu wengi waliolisikia hawakuwa na kalamu.

Hata magazeti zamani yalikuwa hivyo. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, lilikuwa na mashairi, mtu anatoa swali kwa beti, mwingine yupo mbali huko anamjibu kwa vina vyake. Na ndugu yetu wa Dodoma, Mathias Mnyampala, akaleta ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani, shule za msingi zikaimba miaka na miaka. Kwa hiyo hili unalolilalamikia mjukuu wangu si la asili yetu. Limeingia baadaye na mitihani.

binti Ujiji:

Mwalimu shikamoo. Kauntabuku mambo. Mi ni wa Ujiji ila nipo Tabora form faivu, HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza), kwahiyo nipo katikati yenu wote wawili 😂

Nakubali mpaka kwenye kughani, hapo sawa. Ila mnanikera kidogo mnavyoongea kana kwamba shairi bila mizani na vina halighaniki. Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 wazee walikuja juu, kwamba haya si mashairi, ni insha zimekatwakatwa, malumbano ya wanamapokeo (wa vina na mizani) na wanamabadiliko (wa mashairi huru) mpaka leo tunaulizwa kwenye mtihani. Mi nilivyosoma Kichomi nikiwa form two (kaka yangu alikuwa nacho, hakina jalada) ndo mara ya kwanza nikaona shairi linaongea kama mtu anavyowaza usiku akiwa hana usingizi. Kuna vitu vya ndani ukivitia kwenye nane kwa nane vinakuwa vimevaa suti. Naweka la kwangu, halina kina hata kimoja, lisomeni kwa sauti pia:

*Ndoo kichwani*
*kitabu ndani ya ndoo tupu,*
*naenda kisimani.*
*Narudi.*
*Ndoo imejaa,*
*kitabu*
*nimekiuma kwa meno.*

reli_ya_kati:

Mh. Hilo la ndoo limenikumbusha dada yangu. Sisemi kitu.

Kauntabuku:

Dada binti Ujiji hilo "Narudi" limesimama peke yake kama mtu anayetua ndoo. Nimelisoma mara nyingi. Kwangu bado napenda vina maana vinanilazimisha kutafuta neno ambalo nisingelitafuta, na njiani nakutana na mawazo ambayo sikuwa nayo, ila sisemi tena kwamba lisilo na vina ni uvivu, nilikuwa nasema hivo darasani kwa kujiamini kabisa.

Mwalimu wa Gongoni shikamoo. Beti nimelinakili kwenye kaunta buku kwa kalamu nyekundu. Habari ya Kandoro imeniuma, nimekua nikipita Ujiji kila wikiendi, kule kila mtu anajua mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kuna makumbusho na mnara na watalii wanapigia picha. Malenga wa palepale hajawahi kutajwa kwenye pindi langu hata moja. Nimemuuliza bibi kasema "Saadani? Si wa hapa huyo!" kwa sauti ya kushangaa kwamba nauliza.

Fundi umeuliza nasoma nini. Najibu kwa urefu, dada kalala.

Namba moja ni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nilidhani ni ya wazee, ina Kiswahili cha tai na koti, kurasa za kwanza nilikuwa nasinzia. Alafu nikagundua hii ni kesi, ni mahakama. Nchi ipo inaelea angani, kuna jamaa anaitwa Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na waziri Majivuno ndo anamshtaki. Sasa Karama kwenye utetezi hasemi "mi sina hatia", anaanza kusimulia habari za wajumbe wa zamani waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakapata taabu, wakarudi na mambo mazuri ya kuifaa nchi na nchi ikawatia gerezani. Yaani anatetea kichwa chake kwa hadithi. Hiyo imeniganda. Majina ndo yananikera, ukishasikia mtu anaitwa Majivuno hadithi imekuchomea mapema. Ila kitabu kiliandikwa Waingereza wapo, ukisoma ukiwa na hilo kichwani unaona jamaa alikuwa anafanya kitu kilekile cha siafu na nyoka.

Namba mbili Rosa Mistika. Ilitoka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni miaka ile na mi nahisi hiyo marufuku ndo imeitangaza kuliko tangazo lolote. Kwetu inazunguka kwa foleni, ukipewa unapewa siku mbili. Nilidhani nitakuta matusi, nikakuta msichana aliyefungiwa na baba mpaka siku alipopata uhuru hakujua anautumiaje. Wasichana darasani walikiongelea tofauti kabisa na sisi, mmoja akasema kila mtu anamhukumu Rosa na baba mtu anapita hivihivi. Hiyo mijadala ya foleni ni bora kuliko uhakiki wote wa ubaoni, na hakuna aliyetupa maksi.

Namba tatu siyo kitabu, ni kipindi cha Kiswahili chenyewe. Mnajua msingi tunasoma kwa Kiswahili, tukifika form wan kila kitu kinageuka Kiingereza asubuhi moja. Ukikutwa unaongea Kiswahili nje ya kipindi kwetu unavalishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzio anayeongea. Matokeo yake watu wanakaa kimya. Kwenye jografia nina maswali kibao lakini mpaka nilipange kwa Kiingereza kichwani mwalimu kashafuta ubao. Kwenye Kiswahili ndo nanyoosha mkono bila kujipanga. Kwahiyo mtu akisema Kiswahili ni somo jepesi mi nacheka, siyo jepesi, ni kwamba humo ndo tunapumua.

Mzee wa Gongoni:

Binti, hilo la ndoo nimelisoma kimya nikaliona insha. Nimelirudia kwa sauti. Nakubali kwa shingo upande, shingo ikipona nitakubali vizuri.

Kauntabuku, habari ya Kiingereza na Kiswahili isikufanye uvichukie vyote viwili. Hapa Tabora Mwalimu Nyerere alisoma sekondari, 1937 mpaka 1942, akarudi kufundisha St. Mary's baada ya Makerere. Alimchukua Shakespeare akamtia kwenye Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, huku anaongoza nchi. Uzeeni akaandika Injili kwa tenzi. Mtu wa namna hiyo alizijua lugha zote mbili kwa ndani. Itafute Mabepari usome maneno ya Shailoki, yule mkopeshaji, kwa sauti, mke wangu ameshazoea.

Na paredini umeenda?

Kauntabuku:

Mwalimu nimeenda, ila siyo paredi. Paredi mwalimu wa zamu ana haraka na jua. Nimeomba dakika kabla ya debeti ya Ijumaa.

Nilichagua wiki makusudi. Wasiojua, dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika. Sasa darasani kwetu kuna masela wa Kibirizi wanaenda na baba zao kuvua, wiki za giza wanakuja shule macho mekundu wanalala juu ya dawati mpaka saa nne, mwalimu kashachoka kuwaamsha. Wiki ya mbalamwezi wapo macho kama fisi. Nikaenda wiki hiyo.

Mstari wa kwanza walicheka kweli, hasa niliposhika sikio kama bibi anavyofanya. Wa pili wakaendelea. Wa tatu kelele zikapungua kwa sababu ubao wenyewe ulikuwa nyuma yangu na shairi la asubuhi halijafutwa, duara nyekundu zipo vilevile. Kufika "nani kalighani lini" nikaukokota, jamaa mmoja wa Kibirizi nyuma akadakia "au laenda kuzikwaaa" kwa sauti ya kuvuta nyavu, ile wanayoitana nayo majini, nikarudia, wakadakia wengi. Nikaweka na beti la mwalimu, mapilau yakipikwa wakashangilia kama wameletewa.

Haikuwa shangwe tu. Mwalimu mmoja aliuliza mbele ya watu hii inahusiana vipi na debeti ya Kiingereza, na mada ya siku ikaanza, basi ikaisha hivyo. Ila Jumatatu mwalimu wa Kiswahili kaingia, kaandika shairi ubaoni, kageuka kasema "yule wa mapilau, tusomee kwanza." Nikasoma. Ndo akasema haya hesabuni.

Bado tukahesabu, mtihani ni Novemba na siwezi kujidanganya. Lakini vidole viligonga vizuri zaidi maana sauti tulishaisikia, hata wale wa kukosaga mizani siku zote walipata, walikuwa wanahesabu pale nilipovuta pumzi.

reli_ya_kati:

Haya bhana. Nimeenda kutoa daftari langu la zamani juu ya kabati, mke ananiangalia kama nimepoteza risiti. Kuna beti nimekuta silabi tisa, miaka yote nilidhani liko sawa. Kesho naleta.

binti Ujiji:

Kauntabuku ukija HKL njoo Tabora tuendelee kugombana. Alafu Kandoro umempata? Huku kwenye maktaba ya shule sijamwona.

Kauntabuku:

Sijampata dada. Nitapita maktaba ya mkoa Jumamosi, wauza vitabu wa mtaani wana vya mitihani tu na vya kupata mume. Mwenye chochote cha Kandoro, hata kopi, anistue.

Mzee wa Gongoni:

Ninacho Mashairi ya Saadani. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, za siafu zipo. Nitamkabidhi kondakta wa basi la Kigoma, nitumie ujumbe wa pembeni tupange. Nakuazima, sikupi. Na kirudi na beti ndani yake.

Kauntabuku:

Napokea hata bila jalada mwalimu. Ujumbe nimetuma.